Gia za tingatinga la kuunganisha (mota mbili) zinaruka meno upande wa kushoto, nimefungua mara nne sasa, msaada wakuu

baba_Neema_Tanga aliandika:

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu wa hivi vitu vya kuunganisha vyenye mota maana mi ni mgeni kabisa, kazi yangu ni umeme wa majumbani, gia nimezizoea kuziona kwenye baiskeli tu.

Iko hivi, kaka yangu alimletea binti yangu (yuko darasa la sita) boksi la tingatinga la plastiki la kuunganisha mwenyewe. Lina minyororo miwili, na kila mnyororo una mota yake, zile mota ndogo za betri zenye umbo la pipa lililobanwa pande mbili, size ya 130. Giaboksi ni moja imegawanyika katikati, kushoto na kulia kama kioo. Ukitoka kwenye mota kuna pinyoni nyeupe ndogo ya meno 8, inashika gia kubwa ya rangi ya machungwa ambayo meno yake yako usoni sio pembeni, yaani kama taji, halafu zinafuata gia mbili za kawaida mpaka kwenye shafti inayotoka nje kwenda kwenye mnyororo.

Sasa tatizo. Likiwa hewani nimelishika mkononi pande zote zinazunguka, kulia sauti nyororo, kushoto sauti ya juu kidogo lakini inaenda. Nikiliweka chini kwenye sakafu ya vigae bado linaenda ila linavuta kushoto. Nikiliweka kwenye mkeka basi hapo upande wa kushoto unatoa krrrrr krrrrr mnyororo unasimama na mota inaendelea kuzunguka, na ukiacha sekunde kama kumi mota inakuwa ya moto mpaka harufu inaanza. Kwenda mbele na kurudi nyuma ni yale yale.

Nimefungua mara nne. Mara ya kwanza nikadhani skrubu zimelegea nikakaza zote mpaka mwisho, ikawa mbaya zaidi mota ikawa inazunguka kwa shida hata hewani. Mara ya pili nikaweka grisi, hii ya beringi za gari niliyokuwa nayo. Mara ya tatu nikatoa grisi nusu. Mara ya nne jana usiku nimekuta kuna unga mweupe kama wa chaki umeshikana na grisi chini ya pinyoni, na meno ya pinyoni sehemu ya katikati yameanza kuwa butu, na ncha za meno ya ile taji nazo zimeanza kuviringika. Hapo ndo nikasimama nikasema niulize kwanza kabla sijamaliza gia zote.

Mtoto alikuwa na hamu nalo sana, ameunganisha minyororo mwenyewe pingili kwa pingili jioni mbili nzima, sitaki limfie mikononi. Vipimo nilivyonavyo: mita ya umeme ninayo, nimepima kushoto inakula ampia 0.6 hewani, kulia 0.25. Betri ni mbili mpya. Nianzie wapi?

---

fundi_difu_Gerezani alijibu:

Kaka pole, na hongera kwa kusimama mapema, unga mweupe ndo dalili wengi wanaipuuza.

Mi nafunga difu za magari (zile gia za kwenye ekseli zinazogawa nguvu kwa magurudumu) hapa Gerezani, Dar es Salaam, mwaka wa kumi na tisa huu, hivyo vitoy sijawahi kufunga kingi lakini ulichokieleza ni krauni (hiyo taji yako) na pinyoni kabisa, ukubwa tu umepungua. Na tabia yake ni ile ile. Gia mbili zikishikana na zikabebeshwa mzigo kitu cha kwanza zinachotaka kufanya ni kukimbiana. Pinyoni inaisukuma krauni izunguke na wakati huo huo inaisukuma isogee pembeni. Hewani hakuna mzigo, kwa hiyo zinakaa pamoja kwa amani, ukiweka kwenye mkeka mzigo unakuja, krauni inasogea, meno yanabaki yameshikana kwa ncha, krrrr. Ndo maana kwako mbele na nyuma ni sawa, kusukumana hakuchagui upande wa kuzunguka. Ingekuwa ni jino moja limekatika ungesikia tik, tik, tik kwa mpangilio hata hewani.

Kwenye gari hiyo nafasi ya krauni tunaipanga kwa shimu, vile vipande vyembamba vya kujazia nafasi, unaongeza shimu upande huu unapunguza upande ule mpaka pleyi, yaani ule ulegevu mdogo kati ya meno, inakuwa sawa. Difu nyingi za Toyota pleyi yake ni kama 0.13 mpaka 0.18 ya milimita tunapima kwa ile saa ya kupimia yenye mshale. Wewe huna saa, chukua karatasi ya kawaida ya A4, unene wake ni kama 0.1, kata ukanda mwembamba upana wa kijiti cha kibiriti, ingiza kati ya pinyoni na krauni zungusha kwa kidole ipite. Ndo kipimo chako.

Kitu kingine fanya kama tunavyofanya sisi na ile rangi, kwenye difu tunapaka rangi meno ya krauni tunazungusha tunaangalia pinyoni inagusa wapi. Wewe paka maka peni meno kama matano ya hiyo taji, acha ikauke, zungusha huku umezuia shafti kidogo kwa kidole ili pawe na mzigo, kisha angalia wino umefutika wapi. Ukifutika kwenye ncha tu, krauni iko mbali. Ukifutika mpaka shinani na unasikia nzito, iko karibu mno.

Na hizo skrubu zilegeze leo leo. Ulipokaza mpaka mwisho uliibana giaboksi mbavu zake zikaingia ndani, shafti zikakosa pumzi, ndo hiyo ampia 0.6. Plastiki sio chuma, ukikaza inakubali kupinda haikwambii.

---

baba_Neema_Tanga alijibu:

Mkuu asante sana nimeelewa. Nimelegeza skrubu robo mzunguko kila moja, ampia kushoto imeshuka mpaka 0.4 hapo hapo bila kufanya kitu kingine. Maka peni nimepaka, wino umefutika kwenye ncha tu kama ulivyosema, chini yake wote upo. Upande wa kulia nikapaka pia nilinganishe, kule umefutika zaidi ya nusu ya urefu wa jino.

Sasa swali, hii haina shimu. Krauni inakaa kwenye shafti nyembamba, ina pleyi ya kulia kushoto, naweza kuisukuma kwa kucha ikaenda ikarudi. Naikaribishaje?

---

mwl_klabu_Mwanza alijibu:

Baba Neema habari za jioni. Nafundisha fizikia na nina klabu ya wanafunzi ya kutengeneza vigari, tumeshaua pinyoni nyingi kwa hiyo naandika kwa uchungu kidogo.

Kwanza niongezee kwa fundi, amesema kweli kabisa na hesabu yake ipo. Meno ya gia nyingi za siku hizi yamechongwa kwa mshazari wa nyuzi 20, kwa hiyo nguvu ya kukimbiana ni kama 0.36 ya nguvu inayozungusha, zaidi kidogo ya theluthi. Sio ndogo. Na gia zako kwa nilivyozielewa ni ndogo sana, chukua moja ya zile za kawaida pima kipenyo cha nje kwa rula nzuri au kalipa, hesabu meno yake ongeza mbili, kisha gawa kipenyo kwa hiyo namba. Kwa mfano gia ya meno 36 yenye kipenyo cha milimita 19, unagawa 19 kwa 38 unapata 0.5, hiyo ndo moduli, yaani kipimo cha ukubwa wa jino. Kwenye moduli ya 0.5 jino zima kuanzia shinani mpaka nchani ni milimita 1.1 hivi tu, na ile sehemu inayofanya kazi ni milimita moja. Kwa hiyo krauni ikisogea nusu milimita umeshapoteza nusu ya jino! Kwenye gari nusu milimita ni pleyi kubwa, kwako ni maafa. Hapo ndo vijana wangu huwa wanakosea, wanaangalia kwa macho wanaona "si zimegusana mwalimu", zimegusana ndiyo ila kwa ncha.

Sasa kwa swali lako la kuikaribisha. Usikimbilie kuweka kitu cha kubuni. Angalia kwanza haya matatu, na anza na mota ikiwa imetolewa kabisa, giaboksi tupu, maana mota ina sumaku ndani inakudanganya kidole.

Pinyoni imeingia kiasi gani kwenye shafti ya mota? Linganisha kushoto na kulia. Ikiingizwa mno inasugua uso wa mota, isipoingizwa ya kutosha inashika krauni kwa ukingo mmoja. Halafu ikague dhidi ya mwanga, pinyoni za plastiki hupasuka ufa mwembamba kama unywele kati ya jino na jino kwa sababu zimebanwa kwenye shafti kwa nguvu, ufa ukifunguka lile pengo linakuwa pana kuliko mengine na kila mzunguko linagonga.

Pili angalia gia zote pale zilipokatwa kutoka kwenye fremu yake ya plastiki. Hubaki kinundu. Mtoto anakata kwa mkasi, kinundu kinabaki kati ya meno mawili au ubavuni na kinaisukuma gia isikae sawa. Ondoa kwa kiwembe taratibu, usitumie msasa kwenye meno.

Tatu ndo kubwa, angalia vijibomba na washa zinazokaa kwenye shafti kati ya gia na ubavu wa giaboksi. Hizo ndo shimu zako.

Na shafti nazo, zitoe uziviringishe juu ya kioo cha meza, iliyopinda utaona mwanga unachezacheza chini yake.

Grisi ya beringi itoe yote, ni nzito mno kwa mota ndogo hivi na baadhi ya mafuta ya petroli yanapasua plastiki ya kava taratibu bila wewe kujua. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kausha, kisha grisi ya silikoni kidogo tu, kiasi cha kichwa cha njiti kwa gia zote.

---

Wanjiru_roboti_Nairobi alijibu:

Hamjambo nyote. Fundi, kwa heshima, hiyo ya karatasi naomba nirekebishe kidogo ndio baba Neema asipotee. Karatasi hutumika kuset nafasi pale ambapo mota inaweza kuslide, kama kwa zile gari za rimoti ambapo mota imeshikwa na skrubu mbili kwa tundu refu. Unaweka karatasi, unasukuma mota hadi gia zibane karatasi, unakaza skrubu, unazungusha karatasi inatoka, na hiyo nafasi iliyobaki ndiyo pleyi. Lakini kwa giaboksi ya plastiki kama hii mashimo ya shafti yameshatobolewa kiwandani, huwezi kusongesha kitu, kwa hivyo karatasi haisaidii kuset.

Kile inasaidia ni kusoma. Pitisha ukanda wa karatasi kati ya pinyoni na krauni kwa mkono, uangalie venye inatoka. Ikitoka na makunyanzi yaliyo sawa sawa kama ngazi ndogo, kila mkunjo unafanana na mwenzake, hapo gia ziko poa. Ikitoka imetobolewa au imekatika, ziko karibu sana. Ikitoka na alama hafifu kama imeguswa na kucha tu, ziko mbali. Na ikitoka na mikunjo mizito kisha hafifu kisha mizito tena, basi krauni haijakaa wima, inatikisika kama sahani iliyopinda. Fanya pande zote mbili uweke karatasi mbili kando kwa kando, hutahitaji mtu akuambie.

Jambo lingine, usiharakishe kununua pinyoni mpya. Umesema imeliwa katikati pekee. Pinyoni huwa ndefu kuliko upana wa meno ya krauni, kwa hivyo sehemu inayoliwa ni mkanda mdogo. Itoe uigeuze nyuma mbele, au ibaki vile vile lakini ikae mbele kidogo au nyuma kidogo kwa shafti ya mota, meno mazima yatakutana na krauni. Kuitoa usivute na koleo kwa meno yake! Ingiza bisibisi mbili bapa ndogo pande mbili kati ya pinyoni na mota, zungusha zote pamoja polepole, itapanda yenyewe.

---

fundi_difu_Gerezani alijibu:

Dada Wanjiru umesema sawa kabisa, karatasi kwa hapo ni ya kusoma sio ya kupanga, nimepokea. Baba Neema fuata ya dada.

---

Mpwapwa_Hamamatsu alijibu:

Salamu kutoka Japani, niko Hamamatsu mkoa wa Shizuoka kwa masomo, na huu mkoa ndo nyumbani kwa hivi vitu, Tamiya, kampuni inayotengeneza vitu vya kuunganisha, wenyewe makao yao ni Shizuoka mjini, hapa ukiingia duka la vifaa vya hobi unakuta ukuta mzima wa giaboksi na mota za kuunganisha. Nilianza na vile vigari vidogo vya Mini 4WD, wanavitengeneza tangu 1982, vina mota moja ya 130 na betri mbili tu lakini inazungusha magurudumu yote manne, na vingi vinafanya hivyo kwa shafti ndefu inayotoka nyuma kwenda mbele, na kila ncha ya hiyo shafti ina pinyoni inayoshika krauni ndogo kwenye ekseli. Yaani ugonjwa wako, mara mbili kwenye gari moja. Watoto wa hapa wa miaka kumi wanakaa wanaongeza washa moja wanatoa washa moja, wanasikiliza sauti.

Sasa baba Neema nakuuliza kitu kimoja. Karatasi ya maelekezo iliyokuja kwenye boksi unayo bado? Ile yenyewe, sio picha ya simu. Maelekezo mengi ya vitu vya kuunganisha yana kisehemu pembeni ambapo shafti, skrubu, washa na vijibomba vimechorwa kwa ukubwa wake halisi, hata kama maandishi ni ya lugha usiyoijua. Kazi yake ni hiyo, unakilaza kijibomba juu ya mchoro, kikifunika mchoro sawasawa ndo chenyewe, kikizidi au kupungua umekosea. Wengi wanaona ni picha ya mapambo. Kama umepoteza ukaprinti kutoka mtandaoni angalia usiruhusu printa ipunguze ukubwa ili ikae kwenye karatasi, maana hapo mchoro unakudanganya.

Nasema hivi kwa sababu giaboksi za mota mbili zenye pande kama kioo huwa na vijibomba vya urefu unaokaribiana sana, tofauti haifiki milimita. Ukibadilisha kimoja kikakaa cha mwenzake, kila kitu kinafunga vizuri, skrubu zinaingia, gia zinazunguka, ila krauni imekaa pembeni kidogo tu. Na kama alivyosema mwalimu, kidogo tu kwa hapo ni nusu ya jino.

Nyongeza moja, angalia pia kama maelekezo yanatoa uchaguzi wa spidi. Kwa mfano Double Gearbox ya Tamiya unaweza kuifunga kwa namna nne, 12.7 kwa moja (mota mizunguko 12.7, shafti ya nje mmoja), 38.2, 114.7 na 344.2, kila hatua unaongeza jozi ya gia inayopunguza mara tatu. Tingatinga la kupanda mkeka linataka namba kubwa. Ukilifunga kwa namba ndogo mota itahangaika hata gia zikiwa zimekaa vizuri, na mkiwa hamkuangalia mnaweza kufunga kulia namba moja kushoto nyingine.

---

baba_Neema_Tanga alijibu:

Wakuu nimerudi. Nimeandika nikiwa na furaha samahanini kama ni ndefu.

Karatasi ya maelekezo ilikuwepo, Neema aliitumia kufunikia daftari lake la sayansi, tukaivua. Kweli pembeni chini kuna michoro midogo ya shafti na vijibomba na mi siku zote nilidhani ni matangazo ya spea. Tukafungua giaboksi mezani, tukavitoa vijibomba vyote vinne, Neema akawa anavilaza kimoja kimoja juu ya mchoro kwa kibanio cha nyusi cha mama yake. Cha kwanza sawa, cha pili sawa, cha tatu akasema baba hiki kimezidi. Mi nikasema acha hicho ni wino wa mchoro, akasema hapana, angalia, akanisogezea taa. Kimezidi unene wa kama ukucha. Cha nne kimepungua kwa kiasi hicho hicho. Vya upande wa kushoto tulivibadilisha, kirefu kimekaa pa kifupi na kifupi pa kirefu, krauni ikawa imesukumwa mbali na pinyoni tangu siku ya kwanza. Kulia tulivipata sawa kwa bahati tu.

Tukavirudisha mahali pake. Gia zote tuliziosha na mswaki kama mwalimu alivyosema, maji yalitoka meusi. Kwenye gia moja ya kushoto nimekuta kinundu kweli, ubavuni, nimekiondoa kwa kiwembe. Shafti tumeziviringisha kwenye kioo cha kabati zote zimenyooka. Pinyoni nimeitoa kwa bisibisi mbili nikaigeuza nyuma mbele, ilipanda polepole vile vile dada Wanjiru alivyosema, ufa haina, nimeitazama mbele ya balbu. Grisi ya silikoni nimepata kwa jamaa anayetengeneza mashine za fotokopi, kanipa kidogo kwenye kizibo cha soda.

Kisha karatasi. Ya kwanza, kulia, ilitoka na vingazi vizuri. Ya pili, kushoto, ikatoka hivyo hivyo, Neema akaziweka moja juu ya nyingine kwenye mwanga wa dirisha, zikalingana. Nilikaza skrubu kwa vidole viwili tu mpaka zilipogusa, nikaishia hapo. Kabla ya kurudisha mota nikazungusha krauni kwa ncha ya kidole, inazunguka na inaendelea yenyewe kidogo ukiiachia, zamani ilikuwa inakufa papo hapo.

Ampia hewani: kushoto 0.28, kulia 0.25. Uwiano wa gia tumehesabu pande zote mbili ni ule ule, ule wa polepole zaidi.

Kwenye mkeka linapanda. Tumelipandisha juu ya kitabu cha hisabati, kisha vitabu viwili, kwenye vitatu minyororo ndo inateleza lakini gia haziruki, mota haijapata joto la kutisha. Mlio wake sasa ni kama cherehani inayoshona mbali.

Limebaki jambo moja dogo, kwenye sakafu likienda urefu wa sebule bado linavuta kushoto, sio kama zamani, kama upana wa viganja viwili hivi. Hilo nalo ni gia?

---

mwl_klabu_Mwanza alijibu:

Hongereni sana wewe na Neema, hasa Neema, jicho hilo asilipoteze.

Hilo la kuvuta kidogo linawezekana kuwa mota zenyewe, mota ndogo mbili za boksi moja hazilingani spidi hasa. Njia ya kujua ni kubadilishana, mota ya kushoto ipeleke kulia na ya kulia kushoto, usiguse gia. Likianza kuvuta kulia ni mota. Likiendelea kuvuta kushoto tatizo limebaki kushoto, anza kuangalia kama mnyororo wa upande huo umekazwa kuliko mwenzake, pingili moja ikizidi inatosha kabisa kuvuta, kisha ndo urudi kwenye gia. Na ziache mota zizunguke kwanza dakika chache kwa betri moja bila mzigo, meno mapya yazoeane.

Hizo karatasi mbili za vingazi mzibandike kwenye daftari lake, na ukiweza nitumie picha nikawaonyeshe vijana wangu Jumatatu.

---

baba_Neema_Tanga alijibu:

Sawa mwalimu, Jumamosi tunabadilisha mota nitaleta majibu. Karatasi ameshazibandika, ukurasa ule ule, chini yake ameandika KUSHOTO na KULIA kwa maka peni.